Kazi ya kwanza kabla ya shule ya biashara: jina la mwajiri au uzito wa majukumu?

MtafutaNjia

Ndugu zangu, naomba mnivumilie kwa swali refu. Niko muhula wa mwisho wa shahada ya kwanza ya takwimu, na baada ya miaka minne au mitano ya kazi ningependa kusoma shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, yaani MBA, katika mojawapo ya vyuo ambavyo ushindani wake ni mkali. Nimepata nafasi mbili za kazi, ya tatu ingali kwenye usaili, nami natakiwa kutoa jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Nafasi ya kwanza ni ya ukaguzi wa hesabu katika kampuni kubwa ya kimataifa. Jina lake linajulikana, mafunzo yake yanasifiwa, na mwajiri hulipia mitihani ya uhasibu. Waliotangulia wananiambia kwamba miaka miwili ya mwanzo nitakuwa nikilinganisha ankara na vitabu vya hesabu, nikihesabu mali kwenye maghala ya wateja, na kujaza karatasi za kazi ambazo mkubwa wangu atazipitia na kuzisahihisha. Nafasi ya pili ni katika kampuni ndogo ya kusafirisha mizigo, yenye wafanyakazi wasiofika sitini. Huko nitakuwa msaidizi wa meneja uendeshaji, nikishughulikia ratiba za magari na takwimu za gharama, na meneja mwenyewe amenieleza waziwazi kwamba baada ya miezi sita anatarajia niwe nasimamia njia mbili au tatu bila yeye kuniangalia. Mshahara ni mdogo kuliko ule wa kwanza, ingawa si kwa kiasi cha kuninyima usingizi. Nafasi ya tatu, ambayo bado haijawa yangu, ni ya uchambuzi katika kampuni ya ushauri wa biashara.

Kinachonichanganya ni kwamba kila ninayemuuliza ananielekeza kule alikopita yeye. Mhasibu anasifu ukaguzi, mshauri anasifu ushauri, na mjomba wangu mwenye biashara yake anaona kusoma MBA ni kupoteza muda. Je, kamati za udahili hutazama nini hasa katika miaka hii ya mwanzo? Nikienda kampuni ndogo, maombi yangu yatawekwa kando kwa sababu hakuna anayeijua? Na je, kuna kazi ambazo mtu akizifanya miaka minne zinamfungia mlango?

Mkaguzi wa Zamani

Mdogo wangu, mimi nilikaa kwenye ukaguzi miaka mitano kabla ya kusoma MBA ya miaka miwili, kwa hiyo nitasema zaidi juu ya nafasi ile ya kwanza na kuwaachia wengine zilizobaki.

Ukaguzi si kazi mbaya hata kidogo. Unajifunza kusoma taarifa ya hesabu kama mtu anavyosoma uso wa mwenzake, na ujuzi huo hauozi. Tatizo langu nililiona siku nilipokaa kuandika insha za maombi. Niliandika kurasa tatu za mambo niliyoyafanya, kisha nikazisoma tena na kugundua kwamba karibu kila kitenzi kilianza na "tuli-": tulikagua, tulibaini, tulipendekeza, tulikamilisha. Nilitafuta sentensi ya "nili-" ambayo ningeweza kuitetea mbele ya mtu bila haya, nikapata mbili tu, na moja yenyewe ilihusu kuandaa sherehe ya kumuaga mwenzetu. Haikuwa kwamba nilikuwa mvivu. Kazi ya ukaguzi imepangwa kwa makusudi ili mtu mdogo asiamue jambo peke yake, na kwa usalama wa hesabu za watu hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Nilipoingia darasani ndipo nilipoelewa kwa nini vyuo vinasumbukia jambo hili. Katika vyuo vinavyofundisha kwa visa vya kampuni halisi, Harvard ikiwa ndiyo inayojulikana zaidi kwa njia hiyo, mwalimu hatoi mhadhara wa saa nzima. Wanafunzi husoma kisa usiku, na asubuhi darasa la watu wapatao 90 linajadili uamuzi ambao mhusika wa kisa alitakiwa kuufanya. Uchangiaji wa mwanafunzi unaweza kubeba hadi nusu ya alama za somo. Sasa fikiria darasa hilo likijaa watu ambao kazi yao yote ilikuwa kupitia maamuzi yaliyokwisha kufanywa na wengine. Hakutakuwa na mjadala. Chuo kinapochagua wanafunzi kinachagua pia sehemu ya walimu, na swali la kamati, kwa maneno yangu, ni hili: mtu huyu atakuwa na nini cha kuwaambia wenzake kuhusu siku aliyolazimika kuamua bila kuwa na taarifa zote?

Jambo la pili ni barua za mapendekezo. Fomu ambayo vyuo vingi huitumia humwuliza msimamizi aeleze ukosoaji mkubwa kuliko wote aliowahi kumpa mwombaji, katika mazingira gani, na mwombaji aliupokeaje. Mkuu wa idara aliyenisimamia mimi alikuwa na watu zaidi ya arobaini chini yake. Alinipenda, lakini swali lile alilijibu kwa maneno ya jumla kabisa, kwa sababu hakuwahi kunikosoa. Waliokuwa wakinikosoa walikuwa wenzangu walionizidi mwaka mmoja au miwili.

Kilichoniokoa ni mwaka wa tatu, nilipoomba nipewe mteja mmoja mdogo ambaye hakuna aliyemtaka, mwenye stoo iliyovurugika kiasi kwamba kuhesabu mali kulichukua siku nne. Nilibuni utaratibu wa kuhesabu ambao ulipunguza siku hizo kuwa mbili, na mteja akaendelea kuutumia mwenyewe. Ni jambo dogo, lakini lilikuwa langu, na kwenye usaili waliniuliza juu yake muda mrefu kuliko mambo mengine yote niliyoandika. Ukiamua kwenda ukaguzi, nenda, ila anza kumtafuta mteja wa namna hiyo mapema, usingoje mwaka wa tatu kama mimi.

Dada Mshauri

Naomba kutofautiana kidogo na kaka aliyetangulia, kwa sababu naona tunaelekea kumpeleka kijana kampuni ndogo kwa kigezo cha "nili-" peke yake.

Mimi nilianza kama mchambuzi katika kampuni ya ushauri. Jina la mwajiri lina kazi yake, hata kama si kazi inayopendeza kuizungumzia. Anayesoma maombi ana mafaili mengi mezani, na jina analolifahamu humwambia kwa mara moja kwamba mtu huyu amekwisha kuchujwa, amefundishwa kuandika, na amezoea kufanya kazi chini ya shinikizo. Kampuni ndogo haimwambii lolote mpaka mwombaji amweleze, na wengi hawajui kueleza. Zaidi ya hapo, makampuni makubwa ya ushauri yana njia iliyokwisha kuchongwa: mchambuzi hufanya kazi miaka miwili au mitatu, huenda shule, na katika baadhi yao mwajiri hulipa ada kwa sharti kwamba atarudi kufanya kazi kwa muda uliokubaliwa, la sivyo atadaiwa fedha hiyo. Kwa mtu asiye na mzazi wa kumlipia, hilo si jambo la kupuuza.

Kuhusu barua, wasimamizi wangu walikuwa wamewahi kuandika barua za namna hiyo mara nyingi, na wengi walikuwa wamepitia shule hizohizo. Walijua kwamba "ni kijana mchapakazi na mwaminifu" ni sentensi inayomzamisha mtu, kwa kuwa inaweza kuandikwa juu ya yeyote. Meneja wa kampuni ya mizigo anaweza kuwa anakufahamu kuliko ndugu zako, lakini akaandika mistari minne ya sifa na kuipiga muhuri akiamini amekufanyia hisani kubwa.

Halafu kuna lile ambalo watu hawapendi kulitaja. Ahadi ya miezi sita uliyopewa ni ya mdomo. Meneja akihama, ahadi inahama naye. Katika kampuni ya watu sitini, mteja mkubwa mmoja akiondoka, wa kwanza kupunguzwa ni msaidizi. Sikukatazi kwenda, ila usiende kwa sababu ya maneno matamu ya siku ya usaili.

Swali langu kwako: ukiiondoa shule kabisa, ukajua kwamba hutakwenda, ungechagua ipi? Miaka minne ni mingi. Wengi niliowaona wakianza kazi kwa nia ya MBA hawakufika huko, baadhi kwa sababu walipata kitu bora zaidi njiani, na waliochagua kazi ya kuvutia kamati tu ndio waliobaki na majuto.

Shahada Mbili

Nitakuwa mfupi, kwa kuwa kuna mambo mawili ya ratiba ambayo yanaweza kukupita.

Umesema uko muhula wa mwisho. Baadhi ya vyuo hupokea maombi ya wanafunzi ambao hawajahitimu bado, kisha huwaacha wakafanye kazi kwanza. Harvard wanauita mpango wao 2+2: unaomba ukiwa mwaka wa mwisho, na ukipokelewa unakwenda kazini miaka miwili hadi minne kabla ya kuanza masomo. Kwenye maelezo yao husema wazi kwamba wanawatazama kwa makini wanaokwenda katika kampuni za uzalishaji na uendeshaji, kazi zenye utaalamu mgumu, au wanaoanzisha biashara zao, yaani njia ambazo hazijazoeleka kupeleka watu shule ya biashara. Stanford nao hupokea maombi ya kuahirisha masomo. Ukishahitimu na kuanza kazi ya kudumu, mlango huo unafungwa, kwa hiyo angalia tarehe leo, si kesho.

La pili ni mtihani, yaani GMAT au GRE, ambao vyuo vingi hutaka matokeo yake unapoomba MBA. Matokeo ya GMAT hudumu miaka mitano, na ya GRE vilevile. Mtu wa takwimu kama wewe hesabu ziko kichwani sasa hivi. Ukifanya mtihani ndani ya mwaka wa kwanza au wa pili wa kazi, matokeo yatakuwa hai utakapoomba. Na usilinganishe alama zako na za kaka zako waliotangulia, kwa sababu GMAT ya sasa inahesabiwa kati ya 205 na 805, ilhali ya zamani ilikuwa 200 hadi 800, na alama ileile haina maana ileile katika mitihani hiyo miwili.

MtafutaNjia

Nawashukuru nyote. Jambo la kuomba kabla ya kuhitimu sikulijua kabisa, na tayari nimekwisha kuangalia tarehe. Muda upo, ingawa utanibana.

Swali la Dada Mshauri limenikalisha macho. Nikiiondoa shule, ningekwenda kwenye mizigo bila kusita. Takwimu nilizipenda kwa sababu ya maswali ya namna hiyo, kwamba gari likirudi tupu limekula kiasi gani cha faida ya safari ya kwenda, na kwa nini shehena ile moja inachelewa kila mwezi mahali palepale. Niliona haya kulisema hapa kwa kuwa nilidhani halifanani na maneno yanayotakiwa kwenye insha za MBA. Siku moja ningependa kuendesha kampuni ya uchukuzi, yangu au ya mtu mwingine. Je, nikilisema hivyo mbele ya kamati, halitaonekana dogo mno?

Mzee wa Kiwanda

Halitaonekana dogo. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasaili waombaji kwa kujitolea, kwa niaba ya chuo nilichosoma, na nakuhakikishia kwamba swali la gari linalorudi tupu lingenifanya niweke kalamu chini nikusikilize. Wanaonichosha ni wale wanaosema wanataka "kuleta mabadiliko katika jamii kupitia uongozi wa kimkakati", kisha nikiwauliza mabadiliko gani, wanarudia sentensi ileile kwa mpangilio mwingine.

Namkubalia Dada Mshauri kwamba jina la mwajiri humwingiza mtu chumbani. Nilichokiona mimi ni yanayofuata baada ya kuketi. Nimewahi kusaili siku moja kijana wa kampuni yenye jina kubwa na binti aliyekuwa msimamizi wa ghala katika kampuni ambayo sikuwahi kuisikia. Kijana alinieleza mradi mkubwa wenye fedha nyingi, lakini kila nilipouliza "hapo wewe uliamua nini?" alirudi kwa timu yake. Binti alianza kwa sentensi moja iliyonipa picha nzima: kampuni inafanya nini, ina watu wangapi, na yeye alikuwa na watu tisa chini yake, watano kati yao wakiwa wamemzidi umri kwa miaka kumi au zaidi. Kisha akaniambia jinsi alivyobadilisha zamu, jinsi wazee wale walivyogoma siku mbili, na kwamba alikuwa amekosea, kwa sababu hakuwauliza kwanza. Sikuhitaji kuijua kampuni yake. Kwa hiyo, hofu yako ya maombi kuwekwa kando ina tiba, nayo ni kujifunza kuieleza kampuni yako kwa sentensi moja yenye tarakimu. Asiyeweza hilo, kosa si la kampuni.

Kuhusu kazi inayofunga mlango, sijaiona ambayo inaufunga kwa asili yake. Nimewapokea wanajeshi, wauguzi, wahandisi wa mitambo, na mwalimu mmoja wa hisabati. Kinachofunga mlango ni mwaka wa nne unaofanana na mwaka wa pili. Nikiona mtu yuko pale pale, kwa cheo kile kile na mambo yale yale, nauliza kwa nini, na mara nyingi jibu halipo. Kinyume chake pia kipo: waajiri watatu ndani ya miaka minne, na kila anapohama kosa ni la bosi.

Nikuongezee jambo ambalo halijaguswa, nalo linahusu fedha na muda wako. Kozi hizi hazilingani urefu. Ya INSEAD, shule ya biashara yenye makao Ufaransa, huchukua miezi kumi, ilhali vyuo vingi vya Marekani hufundisha kwa miaka miwili yenye likizo ndefu katikati, ambapo mwanafunzi hufanya kazi ya majaribio mahali anapotaka kuhamia. Likizo ile ndiyo daraja la wanaobadilisha fani. Mkaguzi anayetaka kuingia kwenye uchukuzi anaihitaji, na atailipia kwa mwaka mzima wa ziada wa ada na wa kukosa mshahara. Mtu ambaye tayari ana miaka minne ya uchukuzi, na anataka kubaki humo akiwa ngazi ya juu, anaweza kutosheka na kozi fupi. Unapochagua kazi ya kwanza, kwa sehemu fulani umechagua pia ni shule ya namna gani utaihitaji na itakugharimu kiasi gani.

Kabla hujasaini, fanya haya. Mwombe meneja majukumu yaandikwe kwenye barua ya ajira, pamoja na ile habari ya njia mbili tatu. Mtafute aliyekuwa kwenye nafasi hiyo kabla yako, ujue alikwenda wapi na kwa nini. Na kwa suala la barua ya mistari minne, ambalo ni la kweli kabisa, nilimwona mwombaji mmoja aliyelitatua vizuri: kila miezi mitatu alikuwa akimwandikia bosi wake ukurasa mmoja wa alichofanya, alichokosea na alichorekebisha, wakauzungumza pamoja, na ulipofika wakati wa kuomba, bosi alikuwa na kurasa kumi na mbili za kusimulia kutoka kwake.

Dada Mshauri

Hilo la ukurasa wa kila miezi mitatu nalichukua hata mimi, na nakubali kwamba linapunguza nguvu ya hoja yangu. Sibadilishi hoja ya ahadi ya mdomo. Mdogo wangu, usaili wa kampuni ya ushauri usiuache, hata kama moyo uko kwenye magari. Nenda ukaone watu wenyewe, uwaulize mchambuzi wa mwaka wa kwanza anakabidhiwa nini, na kama wana wateja wa uchukuzi ambao mtu mdogo anaweza kuomba kupelekwa.

MtafutaNjia

Nimerudi kuwapa taarifa. Aliyekuwa kwenye nafasi ile ya mizigo nimempata. Alikaa miaka miwili na miezi michache, akaondoka kwenda kusimamia tawi la kampuni nyingine. Amenithibitishia kwamba njia alipewa kweli, ila baada ya miezi tisa, si sita, na kwamba miezi mitatu ya mwanzo alikuwa akijibu simu za wateja wenye hasira kutwa nzima. Nilimwuliza kama angeifanya tena, akacheka, akasema ndiyo, lakini angedai msaidizi wa simu.

Meneja amekubali kuyaandika majukumu. Hakukubali kuandika muda wa kukabidhiwa njia, akisema kwamba hiyo itategemea nitakavyofanya, nami nimeona ni haki yake. Ukaguzi nimewaandikia barua ya kuwashukuru na kukataa. Usaili wa ushauri ni Alhamisi na nitakwenda. Maombi ya kabla ya kuhitimu nimeanza kuyajaza, na kwenye insha ya kwanza nimeandika habari za gari linalorudi tupu. Mpaka sasa ina "nili-" nne, moja ikiwa ya kosa langu mwenyewe kwenye mradi wa chuoni, ambalo bado sijapata maneno ya kulieleza vizuri.